Mtoto Aliyepewa Jina la Mji

Sipatani na watu wanaosema jina ni jina tu. Wengi wao wamepewa majina ya babu zao, wamerithi nyumba za babu zao, na wanajua kaburi la babu liko safu ya ngapi. Halafu wakishashiba wanakuja kutuambia jina ni jina tu. Parthena hakurithi nyumba, wala hakuwa na kaburi la kuwashia mshumaa. Alikuwa na jina moja, la marehemu mama yake, na hilo ndilo alilonyang'anywa kanisani, Jumapili asubuhi, mbele ya macho yangu, sote tumevaa nguo zetu nzuri.

Nilifanya naye kazi benchi moja kwa miaka thelathini na mbili, kwenye karakana ya bendera karibu na barabara ya Egnatia. Tulitarizi bendera za shule, za vyama vya wakimbizi, za timu za mpira, za makanisa. Parthena alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na mdomo wake haukuwa na likizo. Shule aliiacha darasa la pili, na maandishi mengi yalimpiga chenga, lakini jina la mji wetu alilijua kwa vidole. Thesaloniki. Kwa maandishi yetu ni herufi kumi na moja, na ndani yake mna s mbili zinazosimama bega kwa bega. Ukiilaza moja vibaya, bendera nzima inaonekana imelewa. Yeye alilitarizi huku anapiga umbeya, na hakukosea hata siku moja.

Mwaka ninaousimulia, mji ulikuwa unasherehekea kutimiza miaka elfu mbili na mia tatu, na kila chama kilitaka bendera mpya yenye jina hilo. Walikuja wazee wa chama kimoja wakagombana pale pale dukani. Mwenyekiti alitaka jina liandikwe kizamani, na herufi ya ziada mwishoni; katibu akasema tutachekwa na watoto wa shule. Parthena akakaa na sindano yake hewani.

"Wazee wangu," akasema, "mkishamaliza kupigana mtaniambia. Uzi wa dhahabu hauozi."

Na hao hao waliokuwa wanapigana, ukiwakuta mkahawani hawalitamki jina zima. Mdomoni tunasema Saloniki. Jina zima ni la bendera, la barua na la hotuba. Shangazi yake Parthena, aliyekuja na wakimbizi kutoka Ponto, kule Uturuki, aliita Selanik kama Waturuki mpaka anakata roho. Tajiri wa kwanza wa Parthena, Myahudi aliyemfundisha kukata herufi, aliita Saloniko. Mwaka wa arobaini na tatu Wajerumani walimpakia kwenye treni, yeye na nyumba yake nzima, na hakurudi hata mmoja. Kila mtu alikuwa na namna yake ya kuuita mji, ila sikumjua yeyote aliyewahi kumpa mtoto jina hilo.

Mama yake Parthena aliitwa Simela, kwa heshima ya Bikira Maria wa Sumela, yule wa milimani kwao. Wagiriki walipofukuzwa Uturuki, alipakiwa melini pamoja na wenzake wote wa Ponto, akashushwa hapa Kalamaria na mimba ya miezi minane. Karantini ilikuwa pale ufukweni: mabanda, chawa, baridi, homa. Akajifungua mwezi wa Januari, na siku ya kumi na moja akafa. Walikufa wengi hata mapadri wakawa hawatoshi, wakawekwa wote kwenye handaki moja na kumwagiwa chokaa. Parthena akalelewa na shangazi. Kila mwaka shangazi alimpeleka kumwonyesha mahali alipolala mama yake. Mwaka huu alisema ni hapa, mwaka ujao alisema ni kule karibu na ukuta. Picha hakuna, kitambaa cha kichwa hakuna, hata kijiko hakuna. Kilichobaki cha yule mwanamke duniani kilikuwa jina lake.

Kwetu, binti wa kwanza wa mwanao wa kiume anapewa jina lako wewe, bibi yake. Ni haki yako, na nawajua mabibi waliosusa ubatizo kwa ajili ya haki hiyo. Parthena alizaa wavulana wawili. Mkubwa yuko Ujerumani, na huko amezaa wavulana watupu. Mdogo, Lazaros, alimwoa Zoi, wakakaa miaka sita bila mtoto. Januari ya mwaka ule Zoi akajifungua msichana, na kesho yake Parthena akaja kazini macho yamevimba kwa furaha.

"Evterpi," akaniambia, "jina langu nimelisamehe."

"Umelisameheje?"

"Mtoto haitwi Parthena. Anaitwa Simela. Mimi si nipo? Wananiona kila siku, wameshanichoka. Mama yangu nani alimwona?"

"Na Lazaros anasemaje?"

"Kakubali papo hapo. Kanibusu na mkono."

Nililia juu ya bendera ya watu, na sioni aibu kusema.

Baba wa ubatizo alikuwa anajulikana tangu zamani. Kwa desturi yetu, aliyekusimamia harusi ndiye anayemsimamia ubatizo mtoto wako wa kwanza, na Lazaros alisimamiwa na Leandros, wakili. Leandros ni mtoto wa mtaa wetu. Mama yake alikuwa mgonjwa wa kifua, na mvulana yule alikula kwa Parthena mpaka akaota ndevu. Sasa alikuwa na ofisi yenye zulia, na alitaka kuingia baraza la mji. Uchaguzi ulikuwa mwaka unaofuata. Mkono wake haukutulia. Ukikutana naye alikupa mkono, ukigeuka kumsalimu mwingine unaukuta mkono wake tena.

Wiki ya tatu ya Kwaresima alikuja jikoni kwa Parthena. Mimi nilikuwepo, tunasukuma unga wa maandazi.

"Mama Parthena, nimekuja kuuliza jina," alisema, "nisije nikaumbuka mbele ya padri."

Hilo nalo ni la desturi. Kanisani mzazi hana kauli. Padri anamwuliza baba wa ubatizo, na atakalotamka ndilo.

"Simela," Parthena akamwambia. "Ukilikosea, mti huu wa kusukumia unga nitauvunjia mgongoni kwako."

"Ulishanichapa sana, mama, mgongo umezoea." Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akasimama mbele ya picha takatifu ya Bikira Maria iliyo juu ya jokofu, akaweka kiganja kifuani. "Simela. Neno langu hilo. Jina jema hung'ara gizani."

Parthena akamfungia maandazi ya moto kwenye kitambaa, akampeleka mpaka mlangoni.

Kuanzia siku hiyo hakukukalika. Alipita nyumba kwa nyumba kualika watu, na hakusema njooni kwenye ubatizo. Alisema, "Njooni mumpokee mama yangu." Wanawake wa Kiponto wa rika lake walimwelewa mara moja, wengine walianza kulia mlangoni. Kila mmoja wao ana mtu wake aliyebaki kwenye chokaa ile. Mmoja alileta asali, mwingine akatoa jogoo. Lazaros akawa anamsikia mama yake anavyoalika, na akawa anakula chakula chake na kunyamaza.

Ubatizo ulikuwa tarehe kumi na tisa Mei. Kanisa lilijaa. Nikaona wapiga picha wawili wenye mikoba mikubwa, nikadhani ni wa upande wa Zoi, kwa sababu watu wa upande wa Zoi wanapenda makuu. Padri Germanos alikuwa na haraka, alikuwa na ubatizo mwingine baada ya wetu. Mtoto alikuwa ameshavuliwa nguo na kupakwa mafuta, anateleza mikononi mwao na kulia. Parthena alisimama mbele kabisa, ameubana mkono wangu.

"Jina?" padri akauliza.

Leandros hakututazama. Aligeuza uso kuwaelekea wapiga picha, akatoa sauti ya jukwaani.

"Thesaloniki!"

Padri akamkazia macho. "Nimekuuliza jina la mtoto, sijakuuliza unakaa wapi."

Watu wakacheka. Walidhani ni utani.

"Ndilo jina lake, padri. Thesaloniki."

Padri akamtazama Lazaros. Lazaros alikuwa anatazama viatu vyake. Niliona kwa macho yangu, nikasema moyoni, maskini, amepigwa na butwaa. Zoi alikuwa anatengeneza kola ya gauni ambayo haikuwa na tatizo lolote. Basi padri akamzamisha mtoto mara tatu, na kila mara akalitamka lile jina refu, mpaka kufika mara ya tatu lilikuwa linamchosha ulimi.

Parthena hakupiga kelele. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Mwambie padri asubiri. Mwambie kuna makosa." Lakini mtoto alikuwa ameshatoka majini, amefunikwa taulo, na kamera zinamulika.

Nje ya kanisa Leandros alimkumbatia kabla hajasema kitu.

"Mama, usinikasirikie. Simela wako wangapi? Ukitupa jiwe kwenye mtaa wa wakimbizi unampiga Simela. Huyu atakuwa mmoja tu! Kesho mji mzima utamjua mjukuu wako."

"Uliapa jikoni kwangu."

"Niliapa, sikatai. Lakini nilipomshika mtoto jina lilinijia lenyewe. Nitafanyaje na kitu kilichotoka juu?"

"Kutoka juu wapi, juu ya zulia lako?" mimi nikamwambia. Akanipa mkono. Sikuupokea.

Tulikwenda kula kwa sababu chakula kilikuwa kimeshapikwa na watu wameshaalikwa. Meza zilikuwa na furaha, maana wengi hawakujua kilichotendeka, na waliojua waliogopa kuharibu shughuli. Utani haukukatika.

"Tukimwita mtaani mabasi yote yatasimama!"

"Akichelewa kurudi nyumbani tutakwenda polisi tuseme nini? Tumepoteza Thesaloniki?"

"Mwozesheni Athene. Wale wa mji mkuu si wamezoea kutuchukulia kila kitu?"

Leandros akasimama na glasi yake kutueleza maana. Sitamnyima haki yake, alieleza vizuri. Alisema mfalme Filipo alipata binti wakati alipopata habari za ushindi Thesalia, na ushindi kwetu ni niki, ndiyo akamwita binti yule Ushindi wa Thesalia. Baadaye mfalme Kasandro akamwoa, akajenga mji, akaupa jina la mkewe.

"Kwa hiyo, ndugu zangu," akamalizia, "kabla halijawa la mji lilikuwa la mwanamke! Mimi sikuvumbua kitu. Nimelirudisha kwa wenyewe!"

Wakapiga makofi. Mwalimu Kimon, mstaafu wa somo la historia aliyekaa karibu yangu, akapaza sauti: "Na mwisho wa malkia huyo, wakili?"

"Mwisho wake hatuusomi leo, mwalimu!"

Wakacheka tena. Nikamwuliza mwalimu mwisho wake ulikuwa upi.

"Aliuawa na mwanawe," Kimon alisema huku anatoa miiba kwenye samaki. "Mwana wa kumzaa mwenyewe. Mambo ya ufalme."

Nikamtafuta Parthena kwa macho. Alikuwa anapita na sinia, anawauliza watu kama wametosheka. Nilishukuru kwamba hakusikia.

Jumatatu picha ilitoka gazetini. Leandros alionekana kuanzia kichwani mpaka kwenye mkanda. Wa mtoto ulionekana mguu mmoja.

Wiki ile yote Parthena alikuja kazini, akashona, akaondoka. Mdomo ule niliokuwa nauomba upumzike ukapumzika, na karakana ikawa haikaliki. Zoi alianza kumwita mtoto Niki, maana hakuna awezaye kubembeleza mtoto kwa silabi tano. Parthena alisema "mtoto". Mtoto amekula? Mtoto amelala? Sisi wengine tulimlaani Leandros asubuhi na jioni. Nililaani meno yake, mikono yake na zulia lake. Lazaros tulimhurumia. Alikuwa amekaa miaka miwili bila kazi tangu kiwanda chao kilipofungwa, na baada ya Pasaka tu ndiyo akapata nafasi ya kudumu katika ofisi moja ya serikali. Parthena aliwasha mshumaa mrefu kama mkono wake siku aliyopata.

Kisha mwalimu Kimon akapita karakanani kuchukua bendera ya chama chake, akatukuta na nyuso zetu za msiba.

"Mnalia nini ninyi?" alisema. "Sheria ilishabadilika. Siku hizi jina linatolewa na wazazi wawili, wanaliandikisha ofisi ya usajili. Padri kazi yake kubatiza. Wazazi wakiandika Simela, ni Simela, hata wakili apasuke."

Parthena akaweka sindano chini. "Sema tena."

Kimon akarudia.

"Evterpi, vaa koti."

"Tumpitie Lazaros kwanza," nikamwambia.

"Lazaros kazini ni mgeni, nisimtie matatani na wakubwa wake. Tukaulize sisi, tukishajua karatasi gani inatakiwa, yeye aje kutia saini tu."

Njiani alizungumza bila kupumua, yule Parthena wangu wa siku zote. Alisema Leandros ataitwa kwenye chakula kingine, na safari hii atakaa mwisho wa meza na kula mifupa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nasema kweli, sijawahi kumpenda kama nilivyompenda kwenye ile njia.

Ofisi ya usajili alikuwepo mwanamke mmoja anayekula mkate wa jibini juu ya faili. Parthena akamweleza: mjukuu, kazaliwa Januari, bado hajaandikishwa jina, tunataka kujua utaratibu. Mwanamke akafuta vidole, akatoa kitabu kikubwa, akapekua.

"Ameshaandikishwa huyu, mama."

Akatafuta miwani yake asome. Parthena hakumngoja. Kitabu kilikuwa kimeelekea upande wa pili, maandishi yako juu chini, na Parthena ndiye yule asiyeweza kumaliza ukurasa wa gazeti. Lakini herufi zile kumi na moja alikuwa amezishona maisha yake yote kutoka kila upande. Akanyoosha kidole juu ya kaunta, akakiweka katikati ya neno.

"S mbili," alisema.

"Ndiyo, mama, Thesaloniki. Jina zuri sana, ila limenimalizia nafasi yote." Mwanamke alikuwa amevaa miwani. "Limeandikishwa na baba mzazi, tarehe sita Machi. Na hii hapa idhini ya mama wa mtoto, kaisaini vizuri kabisa."

Mimi ndiye niliyehesabu kwa vidole, Parthena hakuhitaji. Tarehe sita Machi ni kabla ya Leandros kuja jikoni kuuliza jina. Ni kabla ya nyumba zote zile alizopita kualika, kabla ya ile asali na yule jogoo. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na mimi nimewahi kuwaambia wengine hivyo hivyo bila kufikiri. Siku ile nilimwangalia rafiki yangu amesimama mbele ya kaunta na koti lake zuri.

"Linabadilishika?" nikauliza baadaye, kwa kuwa lazima mtu aulize.

"Mpaka mahakamani. Na waombe wazazi wenyewe."

Tulikwenda moja kwa moja kwa Lazaros. Alikuwa amerudi kula chakula cha mchana, bado ana kitambulisho cha kazi kifuani. Zoi alipouona uso wa mkwewe alimchukua mtoto akaingia naye chumbani na kufunga mlango.

"Natoka ofisi ya usajili," Parthena alisema. Hakukaa.

Lazaros akashusha uma. "Mama..."

"Nani alianza? Wewe au yeye?"

"Yeye." Akakishika kitambulisho kifuani. "Alisema yupo mtu anayemjua, na nafasi ipo moja, ya kudumu. Akasema na yeye ana ombi lake dogo."

"Ombi dogo."

"Jina tu, mama. Miaka miwili nakaa mkahawani kama mlemavu, mke wangu ndiye ananilisha. Bibi amekufa miaka sitini na mbili. Mtoto wangu anataka maziwa leo."

"Sasa kwa nini alikuja kuniapia jikoni?"

"Alitaka iwe ghafla. Watu washtuke, wapiga picha wapate kitu. Alisema ukijua mapema utaleta fujo." Akatazama sahani. "Na mimi nilijua ukijua utakataa."

"Ningekataa," Parthena alisema. "Ningepiga kelele mpaka kaka yako asikie huko Stuttgart. Ningelia siku mbili. Siku ya tatu ningekuja hapa kwa miguu yangu nikwambie, haya mwanangu, mwite upendavyo, kazi ni kazi. Mimi ni mama yako, Lazaros. Hilo nalo lilihitaji wakili?"

Lazaros akaisukuma sahani. Nilidhani yamekwisha, nikamshika mkono Parthena tuondoke. Lakini alikuwa bado na neno, na lenyewe hata mimi alikuwa amenificha.

"Jumamosi ya Lazaro," alisema, "sikukuu ya jina lako, kabla ya Pasaka. Nilikuomba unipeleke kule karantini, nimwambie mama yangu kwamba anarudi. Ukanipeleka na gari lako."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa umeshasaini."

"Nilikuwa nimeshasaini."

"Ukashuka, ukasimama nyuma yangu. Ulisikia niliyomwambia."

"Niliyasikia yote."

"Nikakwambia, salimia bibi yako. Ukapiga magoti ukabusu ardhi."

Lazaros akafunika uso kwa mikono. Huyu nilimjua tangu yuko kwenye nepi, nami nilimchukia pale mezani, na chuki ile haijanitoka yote mpaka leo. Parthena akasogeza sahani karibu naye.

"Kula, kinapoa," akamwambia, tukatoka.

Nilidhani tunakwenda nyumbani. Akaniambia anakwenda ufukweni Kalamaria, na kwamba kama nimechoka niende zangu. "Nilimwambia anarudi," alisema. "Siwezi kumwacha anangoja." Tukapanda basi. Pale palipokuwa na mabanda ya karantini sasa pana ghorofa na mikahawa, na kipande cha ardhi kilichobaki kina majani na takataka za upepo. Parthena alitembea kati ya ukuta na maji, akasita, akarudi nyuma hatua chache, akachagua mahali. Nikasimama mbali kidogo. Nilijua analokuja kusema na sikutaka kulisikia. Kwa miaka thelathini na mbili mwanamke huyu hakuwahi kunidanganya wala kulipaka neno asali, hata pale nilipomwomba.

"Mama," alisema kwa Kiponto, lugha ya kwao, "ni mimi. Wameshambatiza. Mambo yamekwenda vizuri, watu walijaa." Akainama, akagusa ardhi. "Simela. Padri alilitamka mara tatu, kila mtu akasikia. Ana nywele nyingi, na miguu minene, nadhani ni yako. Lazaros anakusalimu."

Akafanya ishara ya msalaba. Alipogeuka akanikuta nimemtolea macho.

"Unaniangalia nini?"

"Sijasema kitu."

"Basi usiseme. Mimi nimedanganywa nikiwa na wewe wa kunishika mkono. Yeye huko aliko ana nani?"